Neno la Maji katika Majina ya Magonjwa

Mzee mmoja alitoka katika chumba cha daktari akiishika fishi yake kama mtu aliyepokea barua ya msiba. Akakaa kwenye benchi chini ya mwembe, akamwita mjukuu wake anayesoma shule. "Nisomee, mjukuu wangu. Wameandika nini hapa?" Kijana akalisoma lile neno polepole, kipande kwa kipande: hi-dro-se-li. Lakini maana yake hakuijua. Mzee akainamisha kichwa, akasema, "Basi, ni ugonjwa mkubwa. Ugonjwa mdogo hauna jina refu namna hii."

Muuguzi aliyekuwa akipita akasikia, akasimama. "Papa," akamwambia, "hilo ni busha tu. Ni lile ulilolijua wewe mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani. Daktari ameandika 'uvimbe wa maji,' lakini ameandika kwa Kiyunani."

Ndugu msomaji, watu wengi wamekwenda nyumbani na hofu ya neno, wala si hofu ya ugonjwa. Kwa hiyo tunataka kukufundisha kipande kimoja tu cha maneno hayo ya waganga: hidro. Kwa Kifaransa herufi h haisikiki, kwa hiyo daktari akisema utasikia "idro". Lakini katika kuandika h ipo. Maana yake ni maji. Ukiona hidro mwanzoni mwa jina, au katikati yake, ujue kwamba kuna habari ya maji. Sehemu ya pili ya jina ndiyo inayosema maji hayo yako wapi, au yamefanya nini.

Neno hili lilitoka wapi?

Wayunani wa zamani waliita maji hudori. Waganga wa Ulaya walijifunza katika vitabu vya waganga Wayunani kwa miaka mingi sana, wakazoea kuyapa magonjwa majina ya lugha hiyo, ili mganga wa nchi moja aelewane na mganga wa nchi nyingine.

Wewe unayesoma Agano Jipya umekwisha kulipita neno hili mara nyingi, maana Agano Jipya liliandikwa kwanza kwa Kiyunani. Yale maji ya Kana yaliyogeuzwa kuwa divai ni hudori, na mitungi sita ya mawe iliyoyachukua iliitwa hudriai, yaani vyombo vya maji. Mwanamke Msamaria alipouacha mtungi wake kisimani (Yohana 4), aliacha hudria. Hata Paulo alipomwandikia Timotheo habari za tumbo lake (1 Timotheo 5:23), neno lake la kunywa maji matupu lilijengwa kwa hudori.

Lakini linalotuhusu zaidi liko katika Luka 14. Yesu alikuwa ameingia nyumbani mwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo siku ya sabato, na mbele yake alikuwapo mgonjwa. Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa tabibu (Wakolosai 4:14), aliuandika ugonjwa wa mtu yule kwa neno la waganga: hudropikosi, yaani mtu aliyejaa maji. Neno hilo haliko mahali pengine po pote katika Agano Jipya. Kwa Kifaransa limekuwa hidropisi. Biblia ya Kiswahili inasema safura. Hapo tuangalie vizuri, kwa sababu siku hizi mtu akisema safura mara nyingi anataka kusema kupungukiwa damu kwa sababu ya minyoo ya tumbo. Mtu wa Luka alikuwa amevimba maji.

Kuvimba huku si ugonjwa mmoja, ni alama ya magonjwa mengi. Moyo ukichoka, miguu huvimba jioni, na ukibonyeza ngozi kwa kidole gumba, shimo linabaki. Figo zikiharibika, uso huvimba asubuhi. Ini likiharibika, tumbo hujaa maji. Na mtoto anayelishwa muhogo peke yake kila siku, pasipo maharagwe wala samaki wala mayai, naye huvimba miguu, nywele zake zikageuka rangi. Ndio ugonjwa unaoitwa bwaki huko Kivu. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Mwenye ugonjwa wa moyo huambiwa apunguze chumvi, na mara nyingine hata maji ya kunywa anapimiwa. Shika jambo hili moyoni, maana tutalihitaji mbele.

Hidroseli

Sasa turudi kwa mzee wetu. Neno lake lina vipande viwili: hudori, maji, na kele, uvimbe. Ni maji yaliyokusanyika katika ngozi inayozunguka korodani. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nayo, na mara nyingi hukauka yenyewe kabla hajatimiza mwaka. Kwa mtu mzima katika nchi zenye joto, mara nyingi chanzo ni mnyoo mwembamba kama uzi, filaria, unaoletwa na mbu. Mnyoo huo hukaa katika vijia ambavyo maji ya mwili hupita na kurudi katika damu, ukaviharibu, na maji hayapati njia.

Watu husema mengine. Wengine husema ni pombe, wengine husema ni laana ya baba mkwe. Kule pwani ya Afrika Mashariki wako wanaosema busha huletwa na kunywa maji ya madafu! Lakini maji ya busha hayatoki katika kikombe ulichokunywa. Ukiacha kunywa maji, busha halitapungua. Utaharibu figo zako tu.

Daktari anao ujanja mdogo wa kulitambua. Katika chumba chenye giza anaweka taa ya tochi nyuma ya uvimbe. Ikiwa ni maji, nuru hupita na uvimbe wote unang'aa mwekundu. Ikiwa ni ngiri, yaani utumbo ulioshuka, mara nyingi nuru haipiti. Hata hivyo mwachie daktari kazi hiyo, kwa sababu katika mtoto mchanga hata utumbo unaweza kupitisha nuru. Na tofauti hii ni kubwa: ngiri ikibanwa, ikauma ghafula, mgonjwa akatapika, lazima apasuliwe bila kukawia. Busha linaweza kungoja zamu. Lakini usikubali mtu wa kijijini akutoboe kwa sindano ili kuyatoa maji. Yatarudi, na pamoja nayo unaweza kupata usaha. Dawa zinazogawiwa vijijini kwa ajili ya filaria ni njema, zimeze. Huua minyoo michanga iliyo katika damu, mbu wasiipeleke kwa jirani. Ila busha lililokwisha kujaa halikaushwi na vidonge. Hupasuliwa, na mtu hurudi shambani kwake.

Hidrosefali

Hili ni hudori pamoja na kefale, kichwa. Kila mtu ana maji kichwani, wewe nawe unayo. Ubongo umelala ndani ya maji safi yanayoulinda, na mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku, kisha huyarudisha katika damu. Njia ikizibwa, maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayatoki. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana bado, kwa hiyo kichwa hutanuka. Mama anaona utosi umejaa na kusimama, mishipa ya kichwa imetokeza, macho yanatazama chini kama jua linalozama.

Wazazi wengi humficha mtoto huyu ndani ya nyumba. Husema ni mtoto wa uchawi, au mama alivunja mwiko. Miezi inapita, na kila mwezi maji yanaubana ubongo. Huu ndio msiba wenyewe, kwa sababu kuna la kufanya. Daktari anaweza kupitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani mpaka tumboni, maji yapate kushuka. Huko Mbale, katika nchi ya Uganda, hospitali ya watoto ilifunguliwa mwaka 2001, na daktari Mmarekani Benjamin Warf akaendeleza njia nyingine pale: kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapite, na kuchoma sehemu inayoyatengeneza, mtoto asihitaji mpira ambao siku moja unaweza kuziba mbali na hospitali. Daktari huyo aliona tena kwamba kwa wengi wa watoto wale kichwa kilianza kukua baada ya ugonjwa wa kuambukizwa katika siku za kwanza za maisha yao. Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye homa, au asiyenyonya, aletwe siku ile ile. Na kitovu chake kisipakwe udongo wala kinyesi cha mnyama.

Hidrofobia

Fobosi ni hofu. Hofu ya maji: ndilo jina la zamani la ugonjwa wa mbwa mwenye kichaa anapomwuma mtu. Mgonjwa ana kiu kali, lakini akiletewa kikombe, koo lake linakazana kwa maumivu, anakisukuma. Baadaye hata sauti ya maji yanayomiminwa inamshtua. Mgonjwa akifika hapo, hatuna dawa ya kumponya. Tunamtuliza tu, na karibu wote hufa.

Jina hili limedanganya watu wengi, nasi tunataka uangalie sana. Mtu ndiye anayeogopa maji, mbwa haogopi. Watu wamekuja wakisema, "Mbwa yule hana kichaa, tulimwona akinywa maji mtoni." Hiyo si alama. Mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa, anaweza hata kuogelea.

Tena, maji ambayo mgonjwa atayaogopa baadaye ndiyo dawa ya kwanza siku ya kuumwa. Osha kidonda mara hiyo hiyo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake pilipili, wala mafuta, wala majani. Kisha nenda upate chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wa jirani. Virusi vya ugonjwa huu husafiri polepole katika neva kwenda kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, mara nyingine juma moja tu, na mara chache mwaka mzima. Chanjo inashindana nao katika safari hiyo. Louis Pasteur huko Paris aliijaribu kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, tarehe 6 Julai 1885, na mtoto akaishi.

Maneno yanayofanana

Si kila hidro ni maji ya mwilini. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake huko Ufaransa waliuita upepo mmoja mwepesi hidrojeni, yaani mzaa-maji, kwa sababu ukiungua pamoja na oksijeni huzaa maji. Basi katika jina la dawa kama hidrokortizoni, hidro ni ya hidrojeni, wala dawa hiyo haina kazi ya kuleta maji. Tena Wayunani walikuwa na neno jingine, hidrosi, maana yake jasho. Wanaoandika Kifaransa hutofautisha kwa herufi, y kwa maji na i kwa jasho, lakini sikio halitofautishi. Kwa hiyo usijitibu kwa kubahatisha neno, uliza.

Deshidratasio

Tumeliacha hili la mwisho kwa sababu ndilo linaloandikwa kwenye fishi za watoto mara nyingi kuliko mengine yote. Kipande cha mbele, des, ni cha Kilatini, maana yake kuondoa. Deshidratasio ni kuondokewa na maji, mwili kukauka.

Mama mmoja alimleta mtoto wake wa kiume jioni, mwenye umri wa mwaka mmoja. Alikuwa amehara siku mbili. Macho yalikuwa yamezama, utosi umeingia ndani, analia bila machozi. Tulipovuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachilia, ilibaki imesimama kama kunjo la kitambaa. Tukamwuliza mama, "Amekunywa nini leo?" Akajibu, "Hakuna. Maji yanatoka, nami niongeze mengine? Tena jirani yangu mwenye kuvimba miguu aliambiwa hapa hapa hospitalini asinywe maji mengi."

Mama yule hakuwa mjinga. Alifikiri vizuri, lakini alichukua shauri la mgonjwa mwingine. Jirani alikuwa na hidropisi, maji yamezidi. Mtoto alikuwa na deshidratasio, maji yamekwisha. Neno la maji ni lile lile katika fishi zote mbili, na amri ya daktari ni kinyume.

Mwili wa mtoto mchanga ni maji kwa sehemu 75 hivi katika 100. Mtoto wa kilo 10 akipoteza lita moja tu, yuko karibu na kufa. Katika kolera mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa moja. Watu wa Goma wanajua: mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofika kwa wingi mno, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, walio wengi kwa kolera na kuhara damu.

Kuhara kwenyewe mara nyingi hukoma baada ya siku chache. Kinachoua ni kukauka. Kwa hiyo kazi ya mama ni kurudisha kinachotoka. Maji matupu hayatoshi, kwa kuwa chumvi ya mwili nayo imetoka. Na chumvi peke yake haipiti vizuri katika utumbo unaohara. Lakini sukari ikiwapo, chumvi na sukari huingia pamoja katika mlango mmoja wa utumbo, na maji huzifuata. Mlango huo haufungwi hata na kolera. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi waliingia Uhindi, na katika kambi ya Bongaon maji ya kutia katika mshipa yalikuwa yanakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya sukari na chumvi katika maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kabla yake karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa vikombe vile hawakufika 4.

Ukiwa na pakiti ya chumvi na sukari ya kituo cha afya, soma kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja, utie pakiti yote. Usipokuwa nayo, twaa lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, isizidi. Onja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi chumvi, yamwage, maana yatamdhuru mtoto. Kesho yake tengeneza mengine. Maji yaliyochemshwa ni bora, lakini kuni zikikosekana usimwache mtoto akauke kwa kungoja moto. Tumia maji safi kuliko yote uliyo nayo.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu ya kikombe kila mara anapohara. Mkubwa wake, nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Mpe kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole zaidi. Usimwachishe ziwa, wala usimnyime uji. Vidonge vya zinki ukipewa, mpe mpaka vimalizike, hata kama amekwisha kupona.

Mtoto yule tulimnywesha kwa kijiko usiku kucha, mama akiwa ameshika kikombe mwenyewe. Karibu na alfajiri alikojoa, akalilowesha kitenge la mama yake, nasi sote chumbani tukafurahi.

Lakini kama mtoto amelegea hata hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au kuna damu katika choo chake, au hakukojoa tangu asubuhi, usikae nyumbani na kikombe. Mlete, hata kama ni usiku, na njiani uendelee kumpa kwa kijiko ikiwa anaweza kumeza.